Kombe limefika Gombani, timu ya Pemba iko wapi?

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa, mnisamehe. Kazi za gazeti hizi zinamla mtu mzima mzima. Leo tuzungumze mpira, ila si ule wa nani kasajiliwa wapi.

Mei Mosi ya 2025 nilikuwa Gombani, Chake Chake, nimekaa jukwaani na ami yangu aliyetoka Wete kuja kuangalia fainali ya Kombe la Muungano. Yanga na JKU. Bao lilikuwa moja tu, la Maxi Nzengeli, kombe likaenda Jangwani. Watu walicheza, wakapuliza vuvuzela, njano na kijani kila kona. Mimi mwandishi, sina timu (msicheke). Ami hakushangilia wala hakununa. Filimbi ya mwisho ilipolia akanigeukia: "Mwanangu, katika timu zote hizi zilizokuja, ya Pemba ni ipi?"

Nikaanza kuhesabu vidole. Bara walileta Yanga, Azam, Singida Black Stars na Coastal Union ya Tanga. Simba hawakuwepo, walikuwa na shughuli yao na Stellenbosch kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Zanzibar ikatoa JKU, KMKM, KVZ na Zimamoto. Timu nane, mtoano, ukifungwa unafunga mizigo. Hizo nne za Zanzibar zote maskani yake ni Unguja. Sisi tulitoa uwanja na makofi.

Sasa kwa wale wenzangu tuliozaliwa juzi, turudi nyuma kidogo. Kombe hili halikuzuka tu. Mwaka 1982 ilianzishwa Ligi ya Muungano. Vinara wa ligi ya Bara na vinara wa ligi ya Zanzibar walikutana, na bingwa wao ndiye aliyekuwa bingwa wa Tanzania. Haikuwa sherehe ile. Bingwa alikuwa anakata tiketi ya kwenda kucheza Afrika kwa jina la nchi nzima, kwa hiyo watu walitoana jasho kweli kweli. Pan African wakachukua mwaka wa kwanza. KMKM wakabeba 1984. Majimaji wakatoka Songea huko wakachukua 1985 na 1986, Pamba ya Mwanza 1990. Na Malindi ya Unguja, hii ndiyo wazee wakiisimulia macho yanawaka, ikachukua 1989 na 1992, halafu mwaka 1995 ikafika nusu fainali ya Kombe la CAF.

Angalieni majina hayo. Songea, Mwanza, Unguja. Enzi hizo kombe lilikuwa linazunguka nchi, halikuwa la mitaa miwili ya Kariakoo.

Kilichoiua ligi ile si chuki, ingawa vijiweni utaambiwa hivyo. Kuanzia 2004 klabu za Zanzibar zikaruhusiwa kuingia mashindano ya CAF kwa tiketi yao wenyewe. Bingwa wa Zanzibar anakwenda, bingwa wa Bara anakwenda. Sasa mkutane kugombea nini? Ligi ikazimika. Kwa Zanzibar hilo lilikuwa jambo kubwa na mimi sililaumu hata kidogo. Kumbukeni Machi 2017 tulivyopewa uanachama kamili wa CAF, na Julai mwaka huo huo ukachukuliwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Nafasi ya klabu zetu Afrika ndiyo iliyobaki mkononi.

Miaka ishirini ikapita. Aprili 2024, Muungano ukitimiza miaka 60, kombe likafufuliwa pale Amaan kwa timu nne tu, Simba akamfunga Azam 1-0 kwenye fainali. Mwaka uliofuata likavushwa kuja Pemba. Na Januari 2025 tulikuwa tumeshapata Kombe la Mapinduzi hapo hapo Gombani, safari hiyo likichezwa na timu za taifa, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 fainali. Usiku ule hata ami alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Kwa Mpemba aliyezoea kupanda boti Mkoani kwenda kuangalia fainali Unguja, mwaka 2025 ulikuwa neema. Hata fainali za Kombe la Shirikisho la Bara, zilipovuka bahari 2024 na 2025, zote ziliishia Amaan.

Lakini swali la ami halijajibiwa. Mtu ataniambia timu zinakwenda kwa uwezo, Pemba ijenge timu. Sawa. Ila Jamhuri ya Pemba ilikuwa bingwa wa Zanzibar 2003, na Super Falcon, ya Pemba pia, ikachukua 2012. Uwezo ulikuwepo. Tatizo ninaloliona mimi ni maji. Ligi ikiwa moja na timu nyingi zikiwa za Unguja, klabu ya Wete au Chake inavuka bahari mara nyingi kuliko mwenzake, na kila safari ni nauli, malazi na chakula cha kikosi kizima. Msimu wa 2017/18 ligi kuu ilichezwa kwa kanda mbili, Unguja na Pemba, kisha kila upande ukatoa timu za kuingia Nane Bora. Wako waliosema mfumo ule ulishusha ushindani. Huenda. Lakini Pemba ilikuwa na uhakika wa kiti mezani.

Kombe la Muungano la sasa halitoi tiketi ya Afrika. Basi kama ni kombe la kusherehekea, nafasi moja ya bingwa wa Pemba ingemuumiza nani? Hata akitolewa siku ya kwanza kwa mabao manne, atakuwa ametolewa nyumbani kwake, mbele ya watu wake.

Tukiwa kwenye daladala ya kurudi Wete, ami alianza kunitajia kikosi cha Jamhuri cha 2003, namba moja mpaka kumi na moja. Alikwama kwenye namba sita. Alinyamaza mpaka tunashuka, bado anaitafuta. Mdau yeyote mwenye picha ya kikosi kile, tafadhali anitumie, nimpelekee mzee.