Bei ya Kisu: Upasuaji wa Mifugo Jinja na Mbale

Mfugaji wa miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale, ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa hawezi kujua mapema atalipa kiasi gani ili apasuliwe. Kwenye simu atatajiwa bei moja, daktari akifika na kumkagua mnyama atatajiwa nyingine, na jirani aliyepata huduma hiyo hiyo mwaka jana atamtajia ya tatu. Akiulizia Jinja atashangaa zaidi, kwa kuwa huko kuna vituo vinavyotaja bei ya kumfunga kizazi mbwa bila kusita, lakini kwa ng'ombe vinaanza kuuliza: yuko wapi, barabara ikoje, ameanza uchungu lini? Maelezo yanayopendwa mitaani ni kwamba madaktari wa mifugo ni walafi na kila mmoja anajipangia lake. Walafi wapo, kama walivyo katika kazi zote. Lakini ulafi hauelezi kwa nini chanjo, dawa ya kuogeshea na hata mbegu ya uhimilishaji zina bei zinazokaribiana, huku kisu peke yake kikiyumba hivi. Maelezo yaliyo bora yamo katika historia. Upasuaji wa mifugo mashariki mwa Uganda haukuwahi kulelewa kama huduma yenye bei. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ulikuwa mabaki ya kazi nyingine, na serikali ilipofunga mkoba wake ndio uliotupwa sokoni kwanza, kabla hapajakuwa na soko.

Tuanzie kwenye hofu iliyoizaa idara ya mifugo yenyewe. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imeshafagia ng'ombe wa eneo ambalo leo ni Uganda. Muongo mmoja baadaye malale yalizuka Busoga, eneo la Jinja, na pwani ya Ziwa Victoria, na kati ya 1900 na 1920 yakaua watu zaidi ya 200,000. Gavana Hesketh Bell aliwahamisha kwa nguvu wakazi wa ufukweni ili kuwatenga na mbung'o. Utawala wa kikoloni uliojengwa juu ya makaburi hayo uliona ugonjwa wa mnyama kama jambo la kundi zima na la mipaka. Maafisa wa mifugo waliotumwa kutoka Entebbe walikuja na karantini, vibali vya kusafirisha ng'ombe, sindano, na baadaye josho. Ng'ombe mmoja mwenye ngiri au ndama aliyekwama hakutishia ng'ombe wa jirani wala mapato ya serikali. Kwa hiyo hakuingia kwenye hesabu. Hapakuwa na uadui wowote kwa mfugaji katika jambo hilo. Bajeti ilifuata maambukizi tu, na kisu hakitibu maambukizi.

Upasuaji mmoja tu ulipata bahati ya kupendwa na serikali, nao ni kuhasi. Pamba ilipoanza kulimwa miaka ya mwanzo ya karne, maafisa walitaka mashamba makubwa kuliko yale ambayo jembe la mkono lingeweza kulima, na kuanzia takriban 1910 wakulima wa Kumi, kaskazini ya Mbale, walianza kufundishwa kulima kwa plau inayokokotwa na maksai. Kufikia miaka ya 1930 plau katika Teso, eneo lenye Kumi, zilihesabiwa kwa maelfu. Maksai ni dume aliyehasiwa, na bila kuhasi hakuna plau. Koleo la Kiitaliano la Burdizzo, ambalo huponda mshipa wa korodani bila kupasua ngozi, lilifaa mno mahali penye nzi na vumbi, kwa kuwa halikuacha kidonda cha kuoza. Msaidizi wa mifugo aliyepewa koleo hilo aliweza kuhasi madume mengi kwa siku, na mkulima hakuona bei yoyote. Gharama ilikuwapo, ila ililipwa kupitia ushuru wa pamba iliyouzwa baadaye. Huu ndio upasuaji uliowaingia watu akilini kama jambo la kawaida: wa haraka, wa bure, unaofanywa na mtu wa serikali chini ya mti. Miaka mingi baadaye daktari aliyedai malipo kwa kazi ya saa mbili, yenye ganzi na nyuzi, alikuwa anashindana na kumbukumbu hiyo.

Uhuru haukuubadilisha mpango huo, uliupanua. Kampeni ya kuitokomeza sotoka barani, iliyoendeshwa kati ya 1962 na 1976 na kujulikana kama JP15, ilichanja ng'ombe bila kumtoza mfugaji, na daktari wa wilaya alikuwa mtumishi mwenye mshahara, gari na petroli. Sheria ya madaktari wa mifugo ya 1958 ilishughulika na nani aandikishwe kuifanya kazi hiyo. Bei haikuwa tatizo la wakati ule. Jinja ilikuwa na upekee wake. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa 1954 viwanda vilifuata, na pamoja navyo mameneja, nyumba zenye ua na mbwa wa kulinda. Mbwa wa namna hii ana mwenye kumlipia. Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao wengi wao ndio waliokuwa wateja wenye uwezo mjini humo, na dalili yoyote ya soko la matibabu ya wanyama wa nyumbani ikafifia kabla haijaota mizizi. Mbwa aliyebaki kwenye macho ya serikali ni yule wa kichaa cha mbwa: wa kuchanjwa, au wa kuuawa akizurura.

Hapa msomaji anaweza kunipinga, na ana haki. Atasema kwamba bei ilikuwapo siku zote, ila ilikuwa ya mlango wa nyuma: kuku, debe la mahindi, nauli ya daktari, shukrani mkononi. Ni kweli, na katika miaka ya 1970 na 1980 mlango huo wa nyuma ndio uliokuwa mlango pekee. Mshahara wa mtumishi wa umma ulikuwa haumlishi hata wiki. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 200 kwa mwaka, na Mei 1987 serikali ilibadilisha noti, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, huku ikikata asilimia 30 juu yake. Katika hali hiyo mfugaji aliambiwa anunue dawa mwenyewe, alete petroli, ndipo daktari aje. Lakini shukrani na bei ni vitu viwili. Bei inaweza kusemwa mbele za watu, kuandikwa, kulinganishwa na kupingwa. Shukrani inategemea uso wa mtu, na ikiwa ya siri haimfundishi mtu mwingine chochote. Miaka ishirini ya malipo ya siri haikuacha kumbukumbu ambayo daktari au mfugaji angeweza kuirejea na kusema: hivi ndivyo ilivyokuwa ikilipwa. Wakati huohuo wateja wenyewe walikuwa wanatoweka. Baada ya ghala la silaha la Moroto, katika Karamoja, kuporwa mwaka 1979, uvamizi wa wezi wa mifugo kutoka huko uliongezeka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Teso ilikuwa imepokonywa karibu ng'ombe wake wote. Maksai wa plau, ambao ndio waliokuwa kazi kuu ya kisu katika ukanda wa Mbale, walikwenda na wengine.

Kisha likaja wazo kutoka nje, nalo lilikuja na fedha. Miaka ya 1990 wafadhili walioisaidia Uganda kujijenga upya walisisitiza kutenganisha huduma za mifugo katika mafungu mawili: zile zinazomfaidi kila mtu, kama kuzuia sotoka, zibaki kwa serikali, zile zinazomfaidi mwenye mnyama peke yake, zilipiwe naye. Kwa mantiki hiyo matibabu ya mnyama mmoja mmoja, uhimilishaji na majosho vilielekezwa kwa sekta binafsi, na upasuaji ulikuwa mfano safi kuliko yote, kwa kuwa hakuna jirani anayenufaika na ndama wako kutolewa akiwa hai. Watumishi wa umma walipunguzwa kutoka takriban 320,000 mwaka 1990 hadi kama nusu ya hapo katika miaka michache, na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliwapeleka waliobaki chini ya wilaya. Sisemi kwamba mantiki hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Kwenye karatasi inasimama. Kasoro yake ni kudhani kwamba jambo linalomfaidi mtu mmoja tu ni jambo ambalo mtu huyo anaweza kulichagulia muuzaji, na kwa upasuaji wa dharura sivyo. Inafaa kukumbuka kwamba Machi 2001 serikali ilifuta ada za matibabu ya watu katika vituo vyake vya afya. Ada ya binadamu ilikuwa jambo la kupigiwa kura. Ya mnyama haikuwa, na haikuguswa.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Katika vijiji vinavyoizunguka Mbale ardhi imebanwa, na ng'ombe mmoja wa Friesian au chotara hulishwa bandani kwa majani ya kukatwa. Wengi walifika kwa mashirika ya hisani, kwa sharti kwamba mtamba wa kwanza atakayezaliwa apewe familia nyingine. Mama akiwa na asili ya ng'ombe wadogo wa kienyeji na baba akiwa dume kubwa la kigeni ambalo mbegu yake ililetwa ndani ya mrija, ndama huweza kuwa mkubwa kuliko njia. Daktari anafika kwa pikipiki, mara nyingi usiku. Ng'ombe anafungwa kwenye mti akiwa amesimama, ubavu wa kushoto unanyolewa na kuoshwa kwa sabuni na dawa, ganzi inapigwa kwenye mstari mzima wa kukata. Hukatwa kushoto kwa sababu tumbo kubwa la kucheulia liko upande huo na huzuia utumbo usimwagike nje. Ngozi, misuli, utando. Kisha mkono unaingia hadi kwenye kwapa kuutafuta mji wa mimba, unasogezwa mpaka kwenye tundu, unapasuliwa, na watu wawili wanamvuta ndama kwa miguu. Kushona ndiko kunakokula muda: mji wa mimba kwa uzi unaoyeyuka, misuli kwa tabaka, ngozi kwa uzi mnene utakaotolewa baada ya majuma mawili. Baada ya hapo sindano za antibaotiki kwa siku kadhaa, na kila sindano ni safari nyingine. Ukiipanga gharama hiyo utaona kwamba kisu chenyewe ni sehemu ndogo. Kubwa ni njia, dawa, na hatari kwamba ng'ombe atakufa na mwenyewe atakataa kulipa. Daktari anayetaja bei kwa simu anakisia vitu vitatu ambavyo havijui.

Kwa mbwa wa Jinja hesabu ni nyingine kabisa. Mnyama anabebwa kwenda kituoni mchana, analazwa kwa dawa ya usingizi juu ya meza, umeme upo, na siku ilichaguliwa. Tangu utalii wa Mto Nili uliposhika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990 mji umekuwa na wageni na wenyeji wanaofuga mbwa kama sehemu ya nyumba, na wanauliza bei kabla ya kwenda. Ndiyo maana huko bei hutajwa. Anayesema kwamba upasuaji unaweza kulinganishwa kama sukari dukani anasema kweli kuhusu mbwa wa Jinja. Kosa ni kumhukumu daktari wa Mbale kwa kipimo hicho. Upasuaji unaoweza kusubiri huzaa bei ya kulinganishwa. Usiosubiri huzaa mazungumzo, na katika mazungumzo hayo mfugaji ndiye mwenye haraka.

Kuna wanaosema dawa ni ushindani: madaktari wakiongezeka bei itatulia yenyewe. Ushindani upo tayari, tatizo ni wa aina gani. Daktari wa wilaya mwenye mshahara akifanya kazi ya jioni kwa faida yake anaweza kutoza kidogo kuliko mwenzake aliyefungua kituo na kulipa kodi ya nyumba, kwa sababu mshahara wa serikali umeshalipia chakula chake. Aliyepata mafunzo mafupi, au hakupata kabisa, atatoza kidogo zaidi, na nguruwe wa Busoga wengi huhasiwa na watu hao kwa wembe. Bei inashuka, lakini inashuka kwa kumfukuza yule ambaye angekuja na ganzi. Wengine wanataka orodha rasmi ya bei nchi nzima. Kwa vituo vya mjini ingefaa. Kwa mteremko wa Elgon wakati wa mvua ingekuwa orodha ya kuvunjwa tangu siku ya kwanza, labda kama ingetenganisha malipo ya mikono, ya dawa na ya njia, na kumwacha mfugaji abishane juu ya njia tu.

Anayedhani kwamba serikali imeshindwa kulipia mifugo kwa sababu ya umaskini atazame Soroti, katika Teso. Malale yalipozuka huko 1998 uchunguzi uliyafuata hadi kwenye soko la ng'ombe walioletwa kutoka kusini-mashariki, ambako ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi, ili kujaza maboma yaliyoporwa. Mwaka 2006 fedha za umma, za wafadhili na za kampuni ya dawa zilikusanywa, na wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Makerere wakapelekwa wilayani kuwadunga na kuwapulizia ng'ombe kwa wingi. Ilikuwa kazi njema, na ilifuata kanuni ileile ya mwanzo wa karne ya 20, ya bajeti kufuata maambukizi: ng'ombe anayeweza kumwambukiza mtu ana mlipaji. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zote zilipandishwa kuwa majiji. Ofisi za mifugo za majiji hayo hukagua nyama machinjioni, hutoa vibali vya kusafirisha ng'ombe, husimamia karantini na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ng'ombe aliyekwama na ndama usiku bado anatafutiwa namba ya simu ya daktari kutoka kwa jirani.