Pamba, Vifungo na Msiba: Historia Fupi ya Mfarishi wa Kumbukumbu

Utangulizi

Kiswahili kina neno moja linalokusanya shamba, harusi na kaburi pamoja, nalo ni pamba. Likiwa jina, ni ile inayolimwa, ikachambuliwa na kusokotwa uzi. Likiwa kitenzi, kupamba ni kutia uzuri: hupambwa nyumba, hupambwa na bibi harusi. Tena wazee wetu husema kupamba maiti, yaani kumtengeneza marehemu kwa pamba kabla ya kumvika sanda. Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi ambayo maana zote tatu hukutana ndani yake, yaani kushona mfarishi kwa nguo za aliyekufa na kuupamba kwa vifungo. Tutautazama mji wa Mbale na mtaa wake wa Namakwekwe, pamoja na Jinja, mashariki ya Uganda. Lakini itatubidi kuvuka bahari pia, kwa kuwa historia ya kazi hii imetawanyika.

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu. Juu huwa na vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini kitambaa kizima. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono mingi, au kwa vifungo vinavyoshonwa kupenya zote tatu. Kwa hiyo kifungo katika mfarishi si pambo tu. Hufanya kazi ileile iliyompa jina lake, kufunga.

Pamba katika nchi ya Mlima Elgon

Mbale ni mji uliokua kwa pamba. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Semei Kakungulu alifanya makao yake hapo, chini ya Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Mwaka 1903 mbegu za pamba ziligawiwa kwa wakulima wa Uganda, na haikupita miaka mingi kabla ya zao hilo kuenea Busoga, Bukedi na Teso. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli kutoka Jinja hadi Namasagali, na mojawapo ya sababu zake kubwa ilikuwa kusafirisha pamba. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda, na viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Mbale nayo ilipata kiwanda chake cha nguo, African Textile Mill.

Basi Namakwekwe ni mtaa wa mji ambao pamba imepita mikononi mwa watu wake kwa kila namna. Kuna waliolima, kuna waliofuma, na kuna walioketi barazani kwa cherehani. Lugha nazo hukutana humo, Lumasaba na Luganda, Ateso na Kiswahili, kama vipande vya rangi mbalimbali katika nguo moja.

Hata hivyo, kuunga vipande hakukuja na cherehani. Kabla ya nguo za madukani, watu wa Buganda na Busoga walivaa na kujifunika nguo za magome ya mti wa mutuba, ambazo Waganda huziita olubugo. Fundi akikuta tundu katika gome alilokwisha kulifua kwa nyundo za mti, hulikata sawasawa na kulishonea kiraka cha gome hilohilo. Kiraka hakikuwa aibu ya maskini, bali sehemu ya ufundi. Nguo hiyohiyo ndiyo iliyoviringishwa maiti, na ndiyo aliyovikwa mrithi siku ya kumaliza matanga. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu. Hivyo katika nchi hii nguo na kifo vilikwisha kufahamiana tangu zamani.

Vifungo navyo vilimkuta mtangulizi wake. Simbi za pwani zilitobolewa, zikatungwa na kushonwa juu ya ngozi na nguo. Zilikuwa fedha pia, na hata leo Mganda huziita fedha zake ensimbi. Kitu kidogo, kigumu, chenye tundu na chenye kung'aa kilikuwa na heshima kabla ya kifungo cha kwanza kufika dukani.

Miaka ya uhaba na miaka ya vilio

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wangepaswa kuondoka Uganda, wakapewa siku 90. Katika Jinja na Mbale maduka mengi ya nguo, uzi na vifungo yalikuwa ya Waasia. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba na magendo. Sabuni, sukari na nguo zikawa shida. Katika nyakati kama hizo shati lililochakaa halitupwi. Hubanduliwa vifungo vyake kwanza, vikatiwa mkebeni, kungoja shati jingine. Mkebe wa vifungo wa mama wa nyumbani ni daftari la ukoo lisilo na maandishi, kwa maana kila kifungo kilikuwa kifuani mwa mtu.

Kisha ulikuja msiba mkubwa zaidi. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria katika Rakai, walianza kufa kwa maradhi ya kukonda yaliyoitwa Slim. Baadaye ikajulikana kuwa ni UKIMWI. Mithali yetu husema kifo cha wengi harusi. Maradhi haya yaliikanusha. Wengi walikufa, lakini kila nyumba ilizika kwa aibu yake, na jina la ugonjwa halikutajwa. Ndipo mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alifariki mwezi wa Januari mwaka huohuo, alipoanzisha pamoja na wenzake shirika la TASO, ambalo baadaye lilifungua vituo Jinja na Mbale pia. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema kwamba anaumwa maradhi hayo, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka nguvu zilipomwisha. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo.

Wajane wa miaka hiyo walipatwa na pigo la pili. Mara nyingi ndugu wa mume walikuja baada ya mazishi wakachukua shamba, baiskeli, redio na hata vitanda. Watoto waliobaki hawakuwa na kitu cha kuwaonyesha sura ya baba yao. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, wanawake wa chama cha NACWOLA walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mama aliyekuwa mgonjwa aliandika habari za ukoo, siku mtoto alipozaliwa, chakula alichokipenda baba, na mahali alipozikwa babu. Kitabu hicho kilikuwa wosia wa moyo, na mara nyingine kilifungua njia ya kuandika wosia wa mali.

Mfarishi wa matanga ng'ambo

Kazi ambayo NACWOLA waliifanya kwa kalamu, wengine ulimwenguni wameifanya kwa sindano. Katika Kentucky, Marekani, imehifadhiwa mifarishi ya mama mmoja, Elizabeth Roseberry Mitchell, aliyefiwa na wanawe wawili. Katika ule wa mwaka 1843 alishona makaburi katikati na majeneza madogo ya kitambaa pembeni, kila moja likimwakilisha mtu wa jamaa yake. Mtu akifa, jeneza lake hufumuliwa pembeni na kushonwa makaburini.

Mfano wa pili unatukaribia zaidi, kwa kuwa ni wa watu wenye asili ya Afrika. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alikusanya nguo zake za kazi, zenye madoa na magoti yaliyochujuka kwa jua la shambani, akazishona mfarishi wa kujifunika pamoja na bintiye. Leo mfarishi huo uko katika jumba la sanaa la taifa mjini Washington.

Mfano wa tatu ni ule mkubwa kuliko yote. Mwaka 1987, mwaka uleule wa TASO, Cleve Jones na wenziwe wa San Francisco walianza kushona vipande vya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kipande futi 3 kwa futi 6, kipimo cha kaburi. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandazwa Washington. Leo vimefika kama 50,000. Juu yake watu wameshona suruali, kofia, barua, funguo za gari, na vifungo. Hivyo upande mmoja wa dunia na upande wa pili, bila ya kushauriana, walijibu msiba mmoja kwa nia moja, kwamba jina la marehemu lisipotee.

Kifungo na adabu ya huzuni

Huenda msomaji akauliza: Je, ni halali kupamba wakati wa msiba? Swali hili ni zito. Katika pwani yetu mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, bila manukato wala mapambo. Katika Uingereza nako, baada ya Prince Albert kufa mwaka 1861, Malkia Victoria alivaa nguo nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, na wanawake waliomwiga walitumia vifungo vyeusi vya jiwe la Whitby.

Sisi twaona kwamba mila hizi hazipingani na mfarishi. Mfiwa hajipambi yeye. Humpamba marehemu, kama wazee walivyompamba kwa pamba kabla ya sanda. Tena kazi yenyewe huenda na mwendo wa matanga. Siku za kwanza mikono haiwezi kitu. Baadaye hufumua shati, kisha hukata, kisha huunga. Vifungo huwa vya mwisho, na huja wakati ambapo mtu ameanza kuchagua tena: hiki cheupe cha shati la kanisani, hiki cha koti la shule, hiki kilichokuwa kimelegea naye akasema atakishona kesho. Uzi hupita tunduni mara nne au tano, hukazwa na kupigwa fundo nyuma. Mwenye mtoto mchanga asimfunike mfarishi huo, maana kifungo kikitoka chaweza kumkaba. Aungojee mpaka akue.

Hitimisho

Mwaka 2010 maporomoko ya udongo yaliwafukia watu wa Nametsi, Bududa, na mwaka 2022 mafuriko yaliua watu katika Mbale yenyewe. Misiba haijaisha katika nchi ya Masaba, na kila mwaka huleta madarasani watoto waliofiwa. Walimu wenzetu huwafundisha watoto hao insha na ushairi, na ni jambo jema. Lakini mtoto asiyeweza bado kuandika neno "baba" bila kulia, huenda akaweza kushona kifungo cha baba. Tungependa somo la sindano, ambalo wengi hulidharau kuwa ni la wasichana tu, lihesabiwe kuwa ni somo la historia. Kwa watu wengi wa Namakwekwe na mitaa iliyo kama hiyo, hakuna mwanahistoria atakayekuja kuandika habari za wafu wao. Habari hizo zimo katika mkebe wa vifungo, na aliyebaki ndiye wa kuzishona.