Uhuru katika Anwani: Jina Moja, Vitabu Visivyo Ndugu

Utangulizi

Msomaji anayepekua katalogi ya maktaba yoyote kubwa ya Afrika Mashariki akitafuta anwani zenye neno uhuru hukutana na vitabu ambavyo, lau si neno hilo, visingewekwa pamoja. Atakiona Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), kinachosimulia habari za mateka waliokombolewa na kuwekwa pwani ya Kenya. Atauona Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert (1967), unaohusu vita vya 1939 hadi 1945. Ataiona riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iitwayo Uhuru (1962). Juzuu tatu za hotuba na maandishi ya Julius Nyerere, kila moja ikiwa na neno hilo jaladani (1966, 1968 na 1973). Tawasifu ya Oginga Odinga, Not Yet Uhuru (1967). Na hadithi fupi za M. G. Vassanji, Uhuru Street (1991).

Vitabu hivi si ndugu. Waandishi wake hawakuwa wa kundi moja wala wa itikadi moja. Tanzu zake ni mbalimbali. Na ni viwili tu vilivyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, kufanana kwa anwani huwashawishi wasomaji kuvitia katika kapu moja la fasihi ya uhuru, kana kwamba jina moja ni ithibati ya nasaba moja. Makala haya yanashikilia kuwa kila anwani ina nasaba mbili: nasaba ya neno na nasaba ya utanzu. Nasaba ya neno humwambia msomaji zama zilikuwa zikizungumza nini. Nasaba ya utanzu humwambia kitabu kinalitumiaje neno hilo. Mhakiki anayefuata ya kwanza na kuisahau ya pili humsomea mwandishi mambo ambayo hakuyaandika, kisha humsifu au kumlaumu kwayo.

Neno kabla ya vitabu

Shina la neno uhuru ni huru, lenye asili ya Kiarabu, na kinyume chake cha awali hakikuwa ukoloni bali utumwa. Katika jamii ya pwani neno hilo halikuwa sawa na uungwana. Mwungwana alizaliwa hivyo. Huru aliachwa huru. Aliyeachwa hakugeuka mwungwana papo hapo machoni pa majirani zake, kwani nasaba yake ilijulikana na aliyemwacha alijulikana pia. Kwa hiyo neno uhuru lilibeba tangu mwanzo kumbukumbu ya mtu wa pili, yaani yule aliyefungua.

Historia ya sheria ilikazia maana hiyo. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga masoko ya watumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mara zote hizo uhuru ulitoka juu kwa tangazo, ukamfikia mtu mmoja mmoja. Ni katika siasa za miaka ya 1950 ndipo neno lilipohamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa taifa, na kutoka katika kupewa hadi katika kudai. Uhamisho huo ulifanikiwa mno hata maana ya kale ikafichika. Hapo ndipo chanzo cha usomaji wenye makosa.

Uhuru wa Watumwa

Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika kuhusu jamii ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mkabala wa kisiwa cha Mombasa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kitabu kinasimulia kutekwa, safari ya kwenda pwani, kukamatwa kwa majahazi na manowari za Waingereza, na maisha mapya chini ya misheni. Kilichapishwa London na Sheldon Press.

Wahakiki waliokisoma baada ya 1963 wamekishutumu mara nyingi kwa kuwatukuza Waingereza na kuufunika ukoloni. Shutuma hiyo ina haki yake, kwani sifa kwa mwokozi zimetapakaa kitabu kizima na maswali juu ya mwokozi huyo ni haba. Lakini baadhi yao wamekwenda mbali zaidi, wakasema kuwa anwani yenyewe ni hadaa: imeahidi uhuru na kuleta utiifu. Hapa pana kosa. Anwani haikuahidi uhuru wa taifa. Imetumia neno kwa maana iliyokuwa hai Frere Town, ya kutoka mikononi mwa bwana.

Sarufi ya anwani inathibitisha jambo hili. Kihusishi cha a-unganifu katika Kiswahili kinaweza kuonyesha mwenye kitu, kama vile shamba la Juma. Kinaweza pia kuonyesha anayetendwa, kama vile mazishi ya Juma. Msomaji wa leo huisoma anwani ya Mbotela kwa maana ya kwanza: uhuru ambao watumwa wanaumiliki. Masimulizi yenyewe yanakwenda na maana ya pili: kufunguliwa kwa watumwa. Toleo la Kiingereza la miaka ya 1950 lilichagua maana hiyo ya pili bila kusita, kwani lilitaja kitendo cha kuwaweka watumwa huru, wala halikutaja uhuru walio nao.

Ndugu wa karibu wa kitabu hiki, basi, si tawasifu ya Odinga. Ni maandishi ya misheni kama Kiungani, mkusanyiko wa masimulizi ya wavulana waliokombolewa uliotolewa na A. C. Madan mwaka 1887. Katika utanzu huo msimulizi hupita njia moja inayojulikana: nyumbani, kutekwa, kuokolewa, shukrani. Kumtaka Mbotela aivunje njia hiyo ni dai halali la kihakiki. Kudhani kwamba anwani yake ilikuwa imekwisha kuivunja ni kutomsoma.

Vita vya uhuru: miaka miwili ya anwani moja

Utenzi wa Shaaban Robert una tatizo la namna nyingine. Ulitungwa katika miaka ya 1940, lakini ulitolewa na Oxford University Press mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki mwaka 1962. Kati ya kutungwa na kutolewa, maneno vita vya uhuru yalibadilika. Kwa msomaji wa 1967 yalimaanisha mapambano ya msituni nchini Kenya katika miaka ya 1950, au vita vya Msumbiji vilivyoanza 1964. Msomaji huyo alipofunua kitabu alikuta Hitler, Mussolini na Japani.

Nasaba ya utanzu inaondoa mshangao huo. Anwani hii imejengwa juu ya mwigo wa kale. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, akisimulia mapigano yaliyoanza 1888; Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita vya Maji-Maji. Desturi ya anwani za namna hiyo ni kutaja adui, mahali au tukio. Shaaban Robert aliushika mwigo ule ule, lakini mahali pa adui akaweka lengo. Hakusema vita vya Wajerumani, ingawa angeweza; alisema vita vya uhuru.

Badiliko hilo dogo ndilo lenye uzito. Mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali katika nchi iliyotawaliwa na Uingereza kwa mamlaka ya udhamini, na utenzi wake uko upande wa Uingereza. Mkataba wa Atlantiki wa Agosti 1941 ulitamka haki ya watu kuchagua serikali yao, na mwezi uliofuata Churchill akaliambia bunge la nchi yake kwamba waliokusudiwa kwanza ni mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya Wanazi. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma walipigania uhuru ambao kwao haukuwa umeahidiwa. Utenzi haulitamki jambo hilo kwa lugha ya maandamano. Lakini kwa kuuita vita uhuru, badala ya kuuita ushindi wa Mwingereza, mtunzi aliweka kipimo ambacho mtawala mwenyewe angepimwa nacho baadaye. Yamkini hili ndilo lililoifanya anwani isichakae mwaka 1967. Maana yake ilikuwa imehama, bali haikuwa imekanushwa.

Kabla ya bendera na baada yake

Ruark aliiandika riwaya yake kabla Kenya haijapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Yeye pekee ndiye aliyelisimamisha neno peke yake, bila kihusishi wala kiunganishi. Upekee huo si ishara ya ukamilifu. Katika riwaya iliyoelekezwa kwa wasomaji wa Marekani na Uingereza, na inayouona mwisho wa utawala wa walowezi kwa macho ya walowezi, neno la kigeni lisilofasiriwa jaladani ni mlio: ni kelele inayosikika nje ya nyumba. Ndugu zake ni riwaya za walowezi na za mawindo, pamoja na riwaya ya awali ya mwandishi huyo huyo, Something of Value (1955), iliyohusu Mau Mau. Neno lilitembea mbali kuliko maudhui. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikuwa na kitabu hicho mkononi alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza 1966, na kwamba jina la mhusika wake, Uhura, lilitokana nacho. Jina liliepukana na riwaya iliyolizaa, likawa fahari ya mwanamke mweusi katika televisheni ya Marekani.

Nyerere, kwa upande wake, hakuliacha neno peke yake hata mara moja. Juzuu zake ni Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, na Uhuru na Maendeleo. Anwani ya kwanza ni pia wito ulioandikwa katika nembo ya taifa la Tanzania. Kiunganishi na kinafanya kazi ya hoja: uhuru ni nusu ya jambo, na kila kipindi kina nusu yake ya pili. Anayezisoma anwani hizo tatu kwa mfuatano amekwisha kusoma muhtasari wa sera kutoka muungano wa 1964, kupitia Azimio la Arusha la 1967, hadi mwanzo wa miaka ya 1970. Utanzu huu ni wa hotuba za kiongozi aliye madarakani, na jirani yake ni Harambee! cha Jomo Kenyatta (1964). Katika utanzu huo uhuru umekwisha kupatikana. Linalobaki ni la kuongezea.

Odinga aliandika akiwa nje ya madaraka. Alijiuzulu umakamu wa rais Aprili 1966, akaongoza chama cha KPU, na mwaka uliofuata tawasifu yake ikatoka ikiwa na dibaji ya Kwame Nkrumah. Anwani yake yasema kuwa uhuru haujafika bado, miaka minne baada ya bendera kupandishwa. Ili kuipata nguvu yake, inafaa kuiweka kando ya tawasifu ya Kenneth Kaunda, Zambia Shall Be Free (1962). Tawasifu ya kiongozi wa ukombozi hutazamiwa kuishia penye ushindi, na kitenzi cha wakati ujao katika anwani ya Kaunda ni ahadi ya mwisho huo. Odinga aliutumia utanzu ule ule, ahadi ikiwa imekwisha kutangazwa kuwa imetimia, akakataa kuufunga. KPU kilipigwa marufuku Oktoba 1969 na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Kitabu kilikuwa kimekwisha kusema.

Uhuru kama mtaa

Katika miaka ya 1960 neno liligeuka kuwa jina la vitu: gazeti, bustani, kilele cha mlima, mwenge, barabara. Hapo ndipo Vassanji anapolikuta. Barabara ya Kichwele jijini Dar es Salaam iliitwa Uhuru, na katika hadithi zake wenye maduka wa asili ya Kihindi wanaishi kandokando yake, wakisubiri kujua kama jina jipya linawahusu. Kutaifishwa kwa majumba mwaka 1971 na kuhama kwa wengi kulilifanya swali hilo kuwa la kila familia. Kimuundo kitabu hiki ni jirani wa Miguel Street cha V. S. Naipaul (1959), ambacho nacho hukusanya maisha ya watu wa mtaa mmoja. Kiswahili kina neno moja, anwani, kwa jina la kitabu na kwa mahali barua inapopelekwa, na katika kitabu hiki maana zote mbili zinakutana: uhuru umekuwa mahali ambapo mtu anakaa, au anapahama.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kuwa neno lililo katika anwani zote hizi halikubaki lile lile. Kwa Mbotela ni tendo la kufunguliwa, kwa Shaaban Robert lengo la vita, kwa Ruark mlio wa nje, kwa Nyerere nusu inayotaka mwenziwe, kwa Odinga deni, na kwa Vassanji mtaa. Tofauti hizo hazitokani na maoni ya waandishi peke yake. Zinatokana pia na tanzu walizozichagua, kwani kila utanzu una desturi yake ya kuuliza ni nani mwenye uhuru na ni nani aliyeutoa.

Ni kweli kwamba vitabu hivi vikisomwa kwa mfuatano vinaweza kuwa historia ya neno, na historia hiyo ina faida. Lakini mwalimu anayemkabidhi mwanafunzi vitabu hivi kwa sababu ya anwani zake hana budi kumwambia kwanza aulize ndugu wa kila kimoja ni nani. Bila swali hilo, mateka wa Frere Town watahukumiwa kwa kutodai bendera ambayo mwaka 1934 haikuwapo. Na mtoto wa duka wa barabara ya Kichwele ataonekana kuwa nje ya habari ambayo jina lake limebandikwa mlangoni pa nyumba yao.