Risasi Nene au Nyembamba? Funzo Kutoka Njia ya Karamoja

Juzi nilikuwa Kitale kwa shughuli za jamaa, nikateremka hadi Bungoma. Baada ya swala ya alasiri nikawakuta wazee wawili wakibishana: mwindaji wa zamani alihitaji risasi nene au nyembamba? Nimeona tulichambue, maana misafara ya Pwani ilifika huko huko, Mumias, ikitafuta pembe.

Mfano mzuri ni W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, naye kituo chake kilikuwa Mumias. Tulinganishe risasi tatu alizotumia:

- .303 ya jeshi la Uingereza: kichwa cha gramu 14, kasi ya mita 630 hivi kwa sekunde.
- .275 Rigby, ambayo ndiyo 7x57 ya Mauser ya 1892: gramu 11, mita 700.
- .318 Westley Richards: gramu 16, mita 730.

Ukipiga hesabu, mbili za mwanzo zina nguvu sawa, takriban jouli 2,700. Ya tatu yafika jouli 4,300. Kwenye karatasi, hiyo ndiyo mshindi. Lakini Bell aliona risasi za .318 haziaminiki, akarudi kwenye .275. Bunduki yake ilikuwa nyepesi, haikumuumiza bega, na kichwa kigumu chembamba kilipenya fuvu bila kupinda. Zaidi ya hayo, alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo nyembamba.

Je, nyembamba yatosha? La. Ilimtosha Bell kwa kuwa alijua pa kulenga. Asiyejua humjeruhi mnyama, naye hukimbia akafe kwa mateso, au humgeukia mwindaji. Ndiyo maana nchi nyingi zinazoruhusu uwindaji hutaka angalau .375 kwa wanyama wakubwa.

Kwetu Kenya mjadala huu ni wa historia, kwani uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Hata hivyo majangili hawakukoma, na tembo wa Mlima Elgon, wanaoingia mapangoni kulamba chumvi, wamebaki wachache.

Niliwaambia wale wazee: shabaha ilishinda unene. Mmoja akanijibu, "Na tembo ndiye aliyeshindwa, mwanangu." Sikuwa na la kuongeza.