Harambee na karo ya chuo: Mchango unaodumu zaidi ya siku moja

BARUA za kujiunga na vyuo vikuu huwafikia wazazi wa Mwingi wakati mgumu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutarajiwa chuoni Agosti au Septemba, ilhali mvua inayotegemewa zaidi na wakulima wa eneo hili hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na ndengu huvunwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Karo hudaiwa ghala likiwa tupu. Mzazi huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, na pengo linalobaki huzibwa na jamaa, majirani na waumini wenzake kanisani.

Kwa hivyo, hisani si jambo la ziada katika elimu ya juu ya Ukambani. Ni sehemu ya bajeti. Makala haya yanaeleza ilivyoanza, inavyomfaidi mwanafunzi na mhadhiri, na inapokwama.

Kutoka mwethya hadi harambee

Kabla ya neno harambee kuvuma kote nchini, Wakamba walikuwa na mwethya. Majirani hukusanyika wakamlimia mmoja wao, wakachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo au wakajenga nyumba, na zamu ya mwingine inapofika, aliyesaidiwa jana hushika jembe. Mzee Jomo Kenyatta alipoitangaza harambee kuwa wito wa taifa, Juni 1, 1963, wakazi wa Kitui, Mwingi na Makueni hawakuhitaji kufunzwa maana yake.

Vyuo vya michango navyo vilikuwapo tayari. Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu (MIOME) iliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Wabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Taasisi hiyo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo 2013.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maeneo mbalimbali yalishindana kujenga taasisi zao za teknolojia kwa harambee. WECO ya Kakamega ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na taasisi ya Kimathi mjini Nyeri ikawa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi.

Ukambani nako, wananchi walichangia Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, maarufu kama Ukai, katika eneo la Kwa Vonza, Kitui. Lengo lilikuwa kufundisha kilimo kinachofaa nchi kavu. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi Julai 2008 ndipo mahali hapo pakawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Machi 1, 2013, kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, yaani Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU). Mwananchi aliyetoa sarafu zake kwa ajili ya Ukai alikuwa akimsomesha mjukuu ambaye hakuwa amezaliwa.

Fedha hufanya kazi gani?

Hisani huingia chuoni kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mwanafunzi mwenyewe: karo, malazi, chakula na nauli. Mikopo ya bodi ya HELB, iliyoundwa 1995, basari za maeneobunge na zile za kaunti huchukua sehemu ya mzigo huo, lakini mara nyingi hazitoshi au huchelewa. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa 2023, wa kumpima kila mwanafunzi kulingana na uwezo wa familia yake, ulizua malalamiko na kufikishwa mahakamani.

Mlango wa pili ni majengo. Huu ndio unaopendwa na wafadhili, kwa kuwa jengo huonekana na hubeba jina.

Wa tatu ni ufundishaji wenyewe, nao ndio husahaulika. Karo humfikisha mwanafunzi darasani, lakini haimhakikishii hadubini, vitabu vipya wala mhadhiri aliyepata nafasi ya kuendeleza masomo yake. Mashirika kama DAAD la Ujerumani hufadhili masomo ya uzamili na uzamifu Afrika Mashariki, na baadhi ya wanufaika hurudi kufundisha. Lakini hakuna mgeni wa heshima anayeitwa kukata utepe wa kemikali za maabara, ingawa bila hizo somo la sayansi hubaki maandishi ubaoni.

Harambee inapokwama

Udhaifu wa kwanza wa harambee ni muda. Shahada huchukua miaka minne au zaidi, lakini hafla huwa ya siku moja. Kijana husindikizwa kwa nyimbo, jogoo akanadiwa, ahadi zikasomwa kwa kipaza sauti, kisha mwaka wa pili akarudi nyumbani kwa kukosa karo huku nusu ya ahadi zikiwa hazijatimizwa.

Udhaifu wa pili ni siasa. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 iliwakataza kutumia nyadhifa zao kuomba michango. Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza marufuku kwa maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mchango wa mwanasiasa huja na kamera, na kamera zikiondoka, mara nyingi naye huondoka.

Njia ya kudumu

Pwani ya Afrika Mashariki inajua dawa ya zamani: wakfu. Mtu hutenga nyumba au shamba, na kodi yake hutunza msikiti au madrasa kizazi baada ya kizazi. Vyuo vinaweza kufuata mtindo huo. Tuseme wanakijiji na wenzao walio mijini wachange Sh1 milioni na kuziwekeza kwa faida ya asilimia 8. Mfuko huo utazaa Sh80,000 kila mwaka bila mtaji kuguswa, ingawa sehemu ya faida ni lazima irudishwe ili mfumuko wa bei usiumeze mtaji huo.

Kamati yoyote inayochangisha karo ingefaa kuzingatia mambo machache. Hesabu ifanywe ya miaka yote ya masomo, si ya siku ya kuripoti. Fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, na risiti zisomwe mbele ya waliochanga. Ahadi ziandikwe pamoja na tarehe ya kuzitimiza. Kibali cha kuchangisha umma kitafutwe inavyotakiwa na sheria. Nao wafadhili wenye uwezo mkubwa watenge fungu la vitabu na vifaa vya kufundishia.

Mwethya haukuwahi kuwa hafla. Ulikuwa zamu, na aliyenufaika alijua siku yake ya kushika jembe ingefika. Wahitimu waliosomeshwa kwa mbuzi na ndengu za Mwingi wana deni la aina hiyo, na zamu yao imefika.