Mabega Yaliyopita Kwihara

David Livingstone alitambuliwa kwa mfupa. Mabaki yake yalipofika London, Aprili 1874, karibu mwaka mzima baada ya kifo chake, uso ulikuwa hautambuliki tena. Daktari wa upasuaji, Sir William Fergusson, akaukagua mkono wa kushoto mpaka akalipata jeraha alilokuwa analijua: mfupa wa juu ya kiwiko, uliovunjwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, kusini mwa Afrika. Haukuunga vizuri. Ulibaki na kiungo cha uongo, mahali ambapo mwili hauna kiungo. Ubishi ukaisha, na siku chache baadaye akazikwa Westminster.

Mtu ukikulia Tabora, Livingstone humkwepi. Shuleni tulipelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama tembe alilokaa mwaka 1872. Tuliambiwa alikaa pale na Stanley, kisha Stanley akaondoka kwenda pwani na mzee akabaki miezi kadhaa. Nilichokuja kukielewa ukubwani ni kwamba miezi ile alikuwa anasubiri wapagazi. Hakuwa na jinsi. Bila mabega ya watu wengine hakuna mpelelezi yeyote aliyekwenda popote katika nchi hii. Wapagazi walipofika kutoka pwani, Agosti mwaka huohuo, ndipo naye akaondoka, na hakurudi Kwihara akiwa hai.

Alirudi akiwa mzigo. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringisha kwa kitambaa na magome ya mti, wakaufunga kwenye mti mrefu ili wabebe watu wawili wawili. Ndiyo mzegazega tunaoujua. Oktoba wakaingia Unyanyembe. Hapo wakamkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakatengeneza maiti ya bandia kwa mabua ya mtama, wakawatuma watu warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuizika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Hivyo ndivyo mzee alivyoendelea hadi Bagamoyo, Februari 1874: kama bidhaa, begani, katika msafara usio na tofauti na mingine.

Mkono wa Livingstone, kwa hiyo, una historia yake ya kitabibu, kuanzia meno ya simba hadi vidole vya Fergusson. Mabega yaliyoubeba hayana. Sisemi hivi kumlaumu daktari wa London; yeye aliletewa mwili mmoja, akaukagua. Nasema kwa sababu miaka miwili iliyopita niliketi kwenye benchi la chumba cha mazoezi ya viungo, hospitali moja hapa mkoani, nikasikia swali ambalo sijapata kuliona kwenye kitabu chochote cha safari.

Nilikuwa nimempeleka mama. Mikono ilikuwa inamfa ganzi, shingo haigeuki, na kwa mwezi mmoja alikuwa ameanguka mara mbili uani bila kujikwaa. Mtaalamu alikuwa dada wa umri wangu. Alimwamkia mama kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," akamsimamisha miguu pamoja, mikono kifuani, akamwambia afumbe macho. Mama akayumba kama mlevi. Dada akamdaka, akamkalisha, akachukua kalamu.

"Mama, maji ulibeba kichwani miaka mingapi?"

Mama alicheka. Alidhani ni utani.

Swali lile lina njia ndefu nyuma yake, na kwetu sisi njia hiyo inaitwa njia ya msafara. Kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo, kuingia Mgunda Mkali ambako maji ni ya kubahatisha, kutokea Tura na Rubuga, hadi Kazeh, yaani Tabora ya sasa, halafu Uvinza na Ujiji. Burton na Speke walitumia siku zaidi ya 130 kutoka pwani hadi Kazeh, wakafika tarehe 7 Novemba 1857. Msafara wa biashara wenye haraka ulihitaji kama miezi mitatu. Nchi yenye mbung'o haina punda wa kutegemewa, kwa hiyo gari lilikuwa mtu.

Na mtu huyo alipimwa vizuri sana, lakini kwa upande wa mzigo tu. Kipimo kilikuwa frasila, kama kilo 16. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu, posho na silaha. Burton aliandika kwa kina jinsi misafara ilivyopangwa: kirangozi mbele, nyuma yake wabeba pembe za ndovu, ambao ndio waliokuwa na maringo, kisha nguo na shanga, kisha nyaya za shaba. Unaweza kujua bei ya shanga Unyanyembe kuliko unavyoweza kujua mtu aliyezibeba alilala upande gani usiku.

Lakini ukivisoma vitabu hivyo kwa jicho la chumba cha mazoezi, mambo mengine yanaanza kujitokeza. Wanyamwezi walibeba begani. Watu wa pwani walibeba kichwani. Waandishi waliliona hilo kama mila, kama vile tofauti ya vazi. Mimi naona ni uamuzi kuhusu mwili. Ukibeba begani unaweza kuhamisha mzigo kulia na kushoto, shingo ikapumua, ila kiwiliwili kinavutwa upande mmoja na misuli ya upande wa pili inalipa. Ukibeba kichwani uzito unashuka wima, mwili unabaki umenyooka, lakini pingili za shingo hazina wa kupokezana naye. Robota la nguo lilifungwa refu kama mto wa kulalia, likazungushiwa vijiti, na wakati wa kupumzika liliegemezwa mtini badala ya kulazwa chini. Linaepushwa na mchwa na unyevu, sawa. Lakini pia mtu haoni haja ya kuinama hadi ardhini na kunyanyua kilo 30 upya kila baada ya mwendo. Yeyote aliyewahi kuumwa kiuno anajua thamani ya kitu hicho. Na watoto wa Kinyamwezi walianza kuzoezwa na vipembe vidogo kabla hawajakua, mpaka upagazi ukawa ndio kipimo cha uanaume.

Wanawake nao walikuwemo njiani, jambo ambalo picha ya msafara tuliyofundishwa haina. Mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 ndicho kilichonifungua macho kwamba wapagazi walikuwa wafanyakazi wa malipo wenye kanuni zao na migomo yao, ameandika pia juu ya wanawake wa misafara. Walibeba vyungu, chakula, na watoto mgongoni. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa masafa marefu ulipoteza kazi yake. Vita vikaurudisha kwa nguvu miaka ya 1914 hadi 1918, safari hii kwa kukamata watu, halafu ukafa. Ila upagazi wa wanawake, ule wa kisimani na kuni, haukufikiwa na reli wala haukutangazwa kwisha. Ndio alioukuta mama yangu.

Sayansi ilipokuja kuugusa mzigo wa kichwani, iliugusa kwa mshangao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi na Geoffrey Maloiy, Mkenya, pamoja na wenzake wa Marekani na Italia. Waliwatembeza wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukamba wa kwenye paji la uso, juu ya mashine ya kutembelea, wakapima oksijeni waliyotumia. Hadi uzito wa asilimia 20 ya mwili, matumizi hayakuongezeka. Kana kwamba hawajabeba kitu. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao wakaeleza sababu: mwendo wao chini ya mzigo uliokoa nguvu zaidi kati ya hatua na hatua, kama timazi inayobembea bila kupoteza mwendo.

Utafiti mzuri, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na habari iliyotoka humo na kuzagaa duniani: wanawake wa Kiafrika hubeba bure. Hebu tupige hesabu. Mwanamke wa kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Ndoo ya mama ilikuwa ya lita 20, yaani kilo 20 bila kuihesabu ndoo yenyewe. Mpagazi wa kilo 60 aliyebeba frasila mbili alikuwa amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Wote wawili walishautoka mpaka wa bure kabla ya hatua ya kwanza, na utafiti wenyewe ulisema wazi kwamba juu ya mpaka huo gharama inapanda. Baadaye Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini na hawakuiona nafuu hiyo: kubeba kichwani hakukuwa rahisi kuliko kubeba mgongoni, watu walitofautiana sana, na shingo zililalamika.

Halafu kuna jambo ambalo kipimo cha oksijeni hakiwezi kuliona hata kikiwa sahihi kabisa. Pumzi hulipa papo hapo. Pingili hulipa kwa mkopo. Jo-Anna Geere, ambaye ni mtaalamu wa tiba ya viungo, alikwenda mkoa wa Limpopo na wenzake kuwauliza wachota maji kuhusu miili yao, matokeo yakatoka mwaka 2010: wengi wa waliohojiwa walikuwa na maumivu ya shingo au mgongo. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, na wenyewe hawakudai zaidi ya hapo. Mimi kilichonigusa ni kwamba mtu alikwenda kuuliza.

Yule dada wa hospitalini naye hakudai makubwa. Nilimbana, kazi yangu ni kubana watu, nikitaka aseme kwamba ni ndoo. Akasema umri unachangia, pingili za kila mtu huchakaa, na hawezi kuapa. Alichoweza kunieleza ni namna shingo inavyohusika na kuanguka. Misuli na viungo vya shingo ndivyo vinavyouambia ubongo kichwa kiko wapi juu ya mwili; macho na sikio la ndani vinaongezea. Shingo ikichakaa, taarifa zinafika zimechanganyika, na uti wa mgongo ukibanwa miguu nayo inapoteza uhakika. Macho yakiwa wazi mtu anafidia. Ukimfumba, au umeme ukikatika usiku, anaanguka.

Nilimtazama mama. Huyu ndiye aliyekuwa anatoka kisimani na ndoo juu ya ngata, mikono yote miwili huru, mmoja umenishika mimi, mwingine umebeba kuni, na maji hayamwagiki hata tone. Tukiwa wadogo tulikuwa tunahesabu matone barabarani kumtania. Leo kufumba macho sekunde tano ni kazi.

Alipewa mazoezi. Kurudisha kidevu nyuma akiwa ameegemea ukuta, mara kumi asubuhi na jioni. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya jikoni, mkono mmoja tayari kushika. Kutembea kwa kufuata mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole. Kwa wiki za mwanzo aliyadharau, akisema haya ni ya watoto wa chekechea. Kisha akaanza kuyafanya nisipokuwepo, nikajua kwa sababu ukuta wa jikoni ulianza kupata alama ya mafuta ya nywele pale kisogo kinapogusa.

Tuliporudi kliniki mara ya tatu akaomba kitu. Alimwambia yule dada, "Mwanangu, niwekee ngata." Dada akanitazama mimi. Mama akasisitiza: si mzigo, ngata tu. Tukaikunja kanga yake, tukaizungusha, tukamwekea kichwani. Akasimama miguu pamoja, akanyoosha shingo kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa darasa la pili, akafumba macho. Dada akahesabu kwa sauti. Bila ngata alikuwa amefika sekunde sita. Na ngata akafika kumi na moja, kanga ikaanza kuteleza, akacheka, akaidaka.

Dada alirudi mezani, akafungua faili. Swali la siku ya kwanza lilikuwa bado halina jibu, akaliuliza tena. Safari hii mama alihesabu kwa vidole, akianzia kwa bibi yake, kijiji cha kwanza, cha pili, mwaka ambao bomba lilikuja. Ikaandikwa: kubeba maji kichwani, miaka 34, ndoo ya lita 20, safari nne kwa siku.