Potasi, Betri na Swali la Nani Kavunja Nini

Umeme huvunja kampaundi. Ndivyo tunavyofundishwa shuleni, si ndiyo? Hebu turudi London, mwaka 1807, tuone kama ni kweli.

Wakati huo watu waliijua potasi kali, alkali nyeupe inayotokana na majivu ya kuni na chokaa, na waliitumia kutengenezea sabuni. Wanakemia walihisi kuna kitu kimejificha ndani yake, ila moto haukufua dafu. Volta alipotangaza betri yake mwaka 1800, Nicholson na Carlisle waliitumia mwaka huohuo kuyagawanya maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Basi Humphry Davy akaona: kwa nini nisijaribu potasi?

Akaiyeyusha kwenye maji, akapitisha umeme. Alichopata ni hidrojeni na oksijeni tu! Akaigeukia potasi kavu, nayo haikupitisha umeme kabisa. Oktoba 1807 akaiacha hewani kidogo tu ili uso wake upate unyevu, kisha akaiunganisha na betri. Ikaanza kuyeyuka. Upande wa hasi vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka na kuwaka moto. Hiyo ndiyo potasiamu. Siku chache baadaye akapata sodiamu.

Lakini umeme ulifanya nini hasa? Mwaka 1834 Faraday aliviita vipande vinavyosafiri kwenye umeme ayoni, akaamini ni umeme unaovitenganisha. Svante Arrhenius wa Sweden akaja na wazo jingine: ndani ya maji, ayoni zimeshaachana kabla hujawasha betri. Tasnifu yake ya mwaka 1884 ilipewa alama za chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa rudi kwa Davy. Kwenye potasi kavu, ayoni zipo, ila zimebanana, haziwezi kusogea. Ikiyeyuka, zinakuwa huru: ayoni ya potasiamu, yenye chaji chanya, inavutwa upande wa hasi, inapokea elektroni moja na kuwa metali. Kwenye maji mengi je? Maji hupokea elektroni kwa urahisi zaidi kuliko potasiamu, ndiyo maana Davy aliambulia hidrojeni.

Kwa hiyo ukiulizwa nani huzitenganisha ayoni, jibu ni joto au maji. Umeme huzikuta tayari ziko huru, ukazipa au kuzinyang'anya elektroni.